Walivyompisha Winchi

8 Machi

Binamu, mla urithi wangu,

Hujambo wewe na mkeo mwenye subira? Sisi huku wazima. Shemeji yako anakusalimu, anauliza kama kile kitambi ulichokuja nacho kwenye mechi chini ya fulana ya uamuzi ni chako au ulikiazima. Binti yangu amefaulu mtihani wake. Kichwa kachukua kwa mama yake, nashukuru Mungu. Kazini, lifti ya jengo la bima ilikwama tena kati ya ghorofa ya tano na ya sita, na safari hii ndani alikuwamo meneja mwenyewe na mkoba wake. Nikamwambia kupitia upenyo wa mlango atulie, akaniambia nisimwambie atulie. Nilimtoa mzima, ila suruali yake haikuwa na heshima tena.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwetu simu ni ya misiba, mengine yote tumeandikiana tangu shule za bweni. Isitoshe, kwenye simu unaanza kucheka kabla sijafika kwenye jambo. Sasa kaa chini.

Mwenyekiti wa ligi ameniandikia. Anataka nirudi kucheza mpira wa kikapu, msimu mzima, klabu yangu ile ile. Anasema kumbi ni tupu, timu zinacheza mbele ya bawabu na mke wa kocha, na kuna kampuni ya rangi iliyo tayari kugharamia ligi yote kama sura yangu itakuwa ukutani. Mimi nina miaka arobaini na mitatu, na huu ni mwaka wa nane tangu nistaafu. Ningecheka, kama si ile mechi ya sherehe ya ligi mliyoniita mwezi uliopita.

Pointi thelathini na moja, binamu. Nikienda kushoto, njia ipo. Nikienda kulia, njia ipo. Haya magoti yanayolalamika kila asubuhi nikishuka ngazi hayakusema neno. Nilirudi huku na basi nikitamani kuwaamsha abiria niwasimulie.

Msimamizi wangu wa kazini anataka jibu kabla Aprili haijaisha, na nikiondoka hanishikii nafasi. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Ulikuwa mwamuzi wa mechi ile, ulisimama karibu nami kuliko mtu yeyote. Wengine wote watanisifu. Wewe hujanisifu tangu nizaliwe. Niambie, naweza?

Nisalimie mama. Asikubali huyo daktari wa macho amtishe.

Binamu yako unayemwonea kijicho,
Winchi


5 Aprili

Winchi, korongo uliyekosa ziwa,

Usinilalamikie kuchelewa. Nilikuwa na kazi ya kumhudumia mama yako, kwa kuwa mwanawe mwenyewe yuko mbali anafukuzana na lifti. Shangazi amepasuliwa mtoto wa jicho la kulia, la kushoto linangoja mwezi ujao. Bandeji ilipotolewa, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba nimezeeka. La pili, kwamba pazia lake la sebuleni lina madoa, na kwa nini watu wote tuliomtembelea tulikaa kimya. Mke wangu hajambo. Mimi bado nasoma mita za maji mtaa kwa mtaa, na juzi mbwa wa nyumba ya mwalimu mkuu aliniondolea kipande cha suruali. Mwalimu mkuu alisema mbwa huyo hang'ati watu. Nikamuuliza mimi ni nani basi.

Sasa hilo lako. Unauliza kama unaweza. Mtu mwenyewe huwezi kupanda ngazi, ndiyo maana ukaenda kutengeneza lifti. Unajisifia pointi thelathini na moja? Jioni ile hata shangazi na jicho lake moja angefunga ishirini. Walikupisha, binamu. Walikupisha kama gari la zima moto: wakikusikia unakuja wanabana pembeni, barabara nyeupe. Mwenyekiti alipita vyumba vyote viwili vya kubadilishia nguo kabla ya mechi akiwaomba vijana wakupe heshima yako. Yule mlinzi mrefu wa timu pinzani alikuwa anaruka mpira ukishaingia, tena taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Na wewe ulikuwa unatembea na mpira mkononi kama mama anayetoka sokoni na tikiti maji. Mimi binamu yako, filimbi mdomoni, nikawa natazama taa za darini.

Ukirudi, watu watalipa kiingilio kumtazama mzee akifunguliwa milango. Baki na lifti zako. Huko milango inafunguka yenyewe na hakuna anayekucheka.

Nimesema. Usije ukadai sikukwambia.

Filimbi, mwamuzi wa taifa. Wewe ni wa taifa gani?


24 Aprili

Filimbi, mchawi wa ukoo,

Sisi wazima, na wewe najua u mzima kwa sababu sumu haiozi. Pole kwa suruali. Nampa hongera mbwa.

Barua yako niliisomea kazini, juu kule kwenye chumba cha mashine cha jengo la bima, mafundi wote wakiwa wamekaa juu ya ndoo wanakula. Jamani, walicheka. Mmoja alimwaga chai. Ilibidi nirudie hapo kwa mama na tikiti maji. Sasa "gari la zima moto" limekuwa jina langu: nikiingia mlangoni wanabana ukutani wote, wananipisha, mikono juu. Fundi umeme wetu, yule mzee, peke yake hakucheka. Alikohoa tu, akaendelea kula.

Nakwambia ukweli, niliisoma tena peke yangu nikitafuta mahali uliponiambia kwa kauli ya mtu mzima kwamba siwezi. Sikupaona. Ungeniandikia, "Ndugu yangu, naomba ufikirie tena," ningeogopa, ningelala na viatu. Wewe nakujua. Tangu tukiwa wadogo, ukiona nimeumia kweli unakuwa mpole. Nilipovunjika mkono ulinibebea begi bila hata tusi moja, nikajua nimekwisha. Safari hii umenitukana kwa moyo wako wote. Nikasema basi, hajaona kasoro.

Nimeacha kazi. Funguo za vyumba vya mashine nimekabidhi, na msimamizi alinipa mkono kama mtu anayekwenda hija. Shemeji yako hasemi kitu. Amefua nguo zangu za kazi, amezikunja, ameziweka juu kabisa ya kabati. Juni nitakuwa kambini, na kambi iko mbali na kwenu mwendo wa siku nzima, kwa hiyo usidhani utapata nafasi ya kuniombea dua mbaya mezani.

Msomee mama barua hii. Mwambie mwanawe anarudi kazini kwake.

Winchi


11 Mei

Winchi,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Jicho la pili la shangazi limefanywa na limefanyika vizuri. Sasa anaona mpaka ng'ambo ya barabara, na fundi cherehani wa pale mbele anajuta. Mke wangu anakusalimu.

Nilimsomea barua yako kama ulivyoniagiza. Alikuwa na wageni: huyo fundi cherehani, na dada wa duka la dawa. Walifurahi wote. Kabla sijamaliza, shangazi alikuwa ameshaanza kupanga nani atakaa naye ukumbini siku utakayocheza huku. Kisha akauliza hilo gari la zima moto ni kitu gani. Nikamweleza nilichokuandikia. Akanitazama kidogo kwa hayo macho mapya, akasema, "Ni utani, sivyo?" Nikamwambia ni utani, shangazi. Akacheka vizuri sana.

Kuna jambo nilitaka kuliweka sawa hapa. Lakini umeshaacha kazi na funguo umeshakabidhi, na nafasi ya karatasi ni ndogo. Karibu nyumbani.

Filimbi


19 Julai

Binamu, sijui u mgonjwa au umeokoka,

Barua yako ya Mei haikuwa na tusi hata la dawa. Nikamwambia shemeji yako huyu kaugua, akasema labda umekua. Tupe habari za afya yako. Mimi nalala hosteli ya klabu, kitanda kinaishia kwenye magoti yangu, miguu iliyobaki naiweka juu ya stuli. Chumba kizima kinanuka dawa ya kuchua misuli, na yenye kuchuliwa ni ya mtu mmoja tu.

Kumbi zimejaa, umesikia bila shaka. Watu wanakaa kwenye ngazi za jukwaa. Sura yangu iko ukutani kila mji, imepakwa rangi na hao hao wa rangi, pua wameikosea. Sisi tunaongoza ligi. Mechi iliyopita nimefunga ishirini na sita.

Vijana wa siku hizi wana adabu mno, binamu. Enzi zetu mtu alikukanyaga kwanza, mkajuana baadaye. Hawa kabla mpira haujarushwa wananiamkia, shikamoo, mmoja mmoja, mpaka mwamuzi anatazama saa. Wiki jana kijana mmoja alinigusa bega, akaniambia, "Samahani, mzee," na mpira bado unachezwa. Nikafunga yeye akiwa bado ananiomba radhi.

Yupo kijana hapa klabuni wanamwita Kimya, kwa sababu haongei. Ndiye aliyekuwa anacheza nafasi yangu. Ana mke na mtoto mchanga, na kwa urefu ananizidi kidole. Sasa anakaa benchi na taulo shingoni. Kocha anasema zamu yake itafika mwakani. Yeye mwenyewe sijamuuliza anasemaje. Juzi mazoezini niliruka kufunga, naye akaruka, mkono wake ukawa tayari juu ya mpira, nikauona kabisa, halafu akaushusha. Nikamwuliza kocha kwa nini. Kocha akatazama viatu vyake. Sikuuliza zaidi, nilikuwa na kiu.

Na wewe mbona hupangwi mechi zetu? Waamuzi wengine wote wamepita. Au unaogopa watu watakuona ukinipigia makofi?

Winchi


20 Agosti

Binamu yangu,

Sisi hatujambo. Shangazi naye hajambo, anakuombea asubuhi na jioni. Nimekaa na barua yako kwa muda mrefu kuliko ilivyo haki, unisamehe.

Huko mnakopita mnaona watu wamejaa tu, ngoja nikupe ya huku nyuma ya pazia. Tangu urudi, wastaafu wamefumuka kama kumbikumbi. Yule mwenye mkono wa kushoto, anayeuza magodoro siku hizi, ameandikia ligi anataka jezi yake. Mwingine mwenye shinikizo la damu amekuja na cheti cha daktari na mkwewe wa kumshuhudia. Klabu tatu zimeshawachukua wazee wao, na kila mzee anapishwa, kwa kuwa akipishwa wa kwanza, wa pili utamzuia kwa sababu gani? Wiki hii kocha wa timu ya mkiani alikuja kwenye kikao cha waamuzi. Hakugomba. Alisema, "Tunafungwa kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo tutashuka daraja." Tulikuwa watu wazima chumba kizima, na wote tukapata kitu cha kutazama mezani.

Umeuliza kwa nini sipangwi. Niliomba mwenyewe nisipangwe, niliona haya. Sasa nimepangwa. Jumamosi ya tarehe thelathini, nyinyi na hiyo timu ya mkiani, hapa hapa kwetu. Wakifungwa wameshuka.

Kwa hiyo nisikilize, na hapa hakuna utani. Barua yangu ya Aprili ilikuwa kweli yote, kuanzia gari la zima moto mpaka tikiti maji. Niliiandika kwa matusi kwa sababu sikujua nikuambieje jambo lile kwa lugha nyingine, na nilidhani utanielewa kama unavyonielewa siku zote. Ukanielewa hivyo hivyo kweli. Ulipojibu umecheka, ilinipasa kukuandikia tena siku ile ile. Sikuandika. Shangazi aliniuliza mbele ya watu nikamdanganya usoni, na tangu siku hiyo nikipita kwake sikai.

Ukiipata barua hii kabla ya Jumamosi, mwambie kocha goti linauma. Mwenye goti hachekwi na mtu. Kama hukuipata, ujue nitapuliza.

Filimbi


4 Septemba

Kwa Mwamuzi,

Natumaini u mzima pamoja na familia yako. Mimi ni mzima.

Barua yako ya tarehe ishirini Agosti nimeipokea Jumanne. Mechi ilikuwa Jumamosi. Sina lawama, posta ni posta.

Filimbi ya kwanza nilidhani ni ya mtu mwingine. Niligeuka nyuma kutazama nani kakosea. Ulipozungusha mikono kuonyesha nimetembea na mpira, ukumbi ulicheka, kwa kuwa wanajua sisi ni mabinamu. Ya pili nilicheka na mimi. Ya tatu nilikutazama usoni nikaona macho yako yamejaa maji, nikaacha kucheka. Ndipo yule mlinzi mrefu, ambaye ni huyo huyo wa mechi ya sherehe, akakutazama wewe, akatazama benchi lao, akanyanyua mikono. Nilikuwa nimesahau jinsi mikono ya mtu inavyoziba kapu. Mpira ule aliupiga ukaenda kuangukia watazamaji. Baada ya hapo sikufunga tena, kama ulivyoona.

Ukumbi uliojaa ukinyamaza ni kitu kibaya. Afadhali wangenizomea. Walikuzomea wewe, na mimi wakaninyamazia.

Kocha aliponitoa akamwingiza Kimya. Kijana huyo alikosa mipira miwili chini kabisa ya kapu, mahali ambapo hata shabiki angefunga. Hajacheza tangu Juni, angefungaje. Timu yao ilishinda, bado imo kwenye ligi. Ni haki yao.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Sikumsalimu mama, na nilimwona alipokaa.

Barua ya Aprili ninayo kwenye begi, nilikuwa naitembeza kwa sababu ilikuwa inanichekesha. Nimeisoma tena hosteli. Haina utani hata mstari mmoja. Na mimi nilisimama mbele ya mafundi wenzangu nikaisoma kwa sauti, nikairudia walipoomba. Sasa naelewa yule mzee wa umeme alikohoa nini.

Nakushukuru kwa kazi uliyofanya.

Wako katika michezo,
Aliyekuwa fundi lifti


21 Septemba

Winchi,

Mke wangu aliisoma barua yako kabla yangu, akaja nayo jikoni ameishika kwa vidole viwili, akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna. Hakuniamini, maana hajawahi kuona barua yako yenye adabu.

Mwenyekiti amenisimamisha mpaka msimu uishe, kwa kushusha hadhi ya mchezo. Sikukata rufaa. Kampuni ya rangi inasema inatafakari. Muuza magodoro amerudi kwenye magodoro, anasema mgongo. Wastaafu wengine wameanza kuumwa magoti mmoja baada ya mwingine, na vijana wamerudishiwa nafasi zao, ila wakikaribiana na mtu bado wanasitasita, mikono haijui iende wapi. Makocha wanasema itachukua muda.

Shangazi aliniita siku moja baada ya mechi. Hakuniambia karibu, hakuniambia kaa. Alisema, "Nilikuuliza." Nikasema, "Ndiyo, shangazi."

"Nilikuuliza mbele ya watu, ukanijibu mbele ya watu. Sasa tuko peke yetu. Walikuwa wanampisha mwanangu?"

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Nikadhani amemaliza, nikashika kitasa. Akasema, "Fundi cherehani alikuwa hanipitii bila kuniuliza mwanangu amefunga ngapi. Leo asubuhi kanipa njia, kashuka mpaka kwenye mtaro, kainamisha kichwa. Na mimi sasa wananipisha." Nilitoka pale sikujua naelekea wapi. Nilisoma mita za mtaa mzima, na jioni nikakuta nimeandika nambari za nyumba badala ya za maji.

Naona haya, Winchi. Naona haya kwako kwa sababu nilijua, kwa mama yako kwa sababu aliniamini, na kwa filimbi kwa sababu nilianza kuipuliza baada ya kukumbuka ni kazi yangu. Huwezi kunijibu kwa adabu tena. Nitukane, tafadhali.

Filimbi


15 Oktoba

Filimbi, kitambi chenye machozi,

Hujambo? Mimi nipo. Shemeji yako ananiandikia kila wiki, na hajasema hata mara moja "nilikuambia", maana kweli hakuniambia, na hilo ndilo linalonichoma. Msimamizi amenijibu kwamba nafasi yangu ina mtu, ila Januari anaweza kunipokea kama msaidizi. Nitambebea mkoba wa spana kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika spana. Nimekubali.

Mwisho wa Septemba nilikuja huko kwa mama siku moja, kisha nikarudi kambini. Alifungua mlango akasimama pale pale kizingitini, hakunipisha. Akasema, "Sema kwanza." Nikasema yote, nimesimama nje na begi, watu wanapita. Alipotosheka akaniacha niingie, akaniwekea chakula, akanikemea kwa kukonda. Nenda kwake, binamu. Atakusumbua kwa muda, lakini anauliza habari zako kwa ukali, na ukali wake unaujua.

Jezi nimerudisha. Mwenyekiti alinisihi nimalizie mechi mbili za mwisho, hata dakika chache, watu waone sura. Nikamwambia sura iko ukutani, wakaitazame pale. Lakini sijaondoka kambini, na hili ndilo nililokaa kukuandikia.

Kila asubuhi kabla ya mazoezi ya timu naingia uwanjani na Kimya, sisi wawili tu. Namzuia. Nafanya kila kitu tulichofanyiwa zamani: namvuta jezi kama vile mwamuzi yupo na haoni, namkanyaga, nambana kwa kiuno, namsema mpaka ukoo wake. Sina kasi ya kumkimbiza, lakini kuziba njia bado naweza, na hiyo nimegundua ni nusu ya mchezo. Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nikimsogelea anasimama. Akinigusa anasema samahani. Akiniona nimeanguka anaacha mpira unadunda peke yake, anakuja kunipa mkono. Nikamwambia kijana, mimi nimekuibia msimu mzima huku nikikuitikia shikamoo, na wewe unaniomba samahani mimi? Hakujibu. Hilo ndilo jina lake.

Wiki ya pili alianza kukunja uso. Nikafurahi, nikamwongezea.

Jana nilimzibia njia pembeni pale kushoto, ninapopapenda mimi. Hakusimama. Alinipiga kiwiko cha mdomo, akazunguka, akafunga kwa mkono mmoja, akaenda kuchukua mpira wake tuendelee, wala hakugeuka kunitazama. Mimi nilibaki chini pale nimeshika meno, damu inachuruzika mpaka kwenye fulana, na muda wote niliokaa kwenye ile sakafu, binamu, sikuona haya hata kidogo.

Winchi